Kuhakiki mita ya mkondo ya kujitengenezea kwa redio ya mawimbi marefu

Mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri kabla ya muuza nyama kuruhusiwa kuitumia. Mita ya umeme ambayo mtu ameiunda mezani kwake haina mkaguzi. Hata hivyo, kwa mwanaredio wa ridhaa anayetumia mawimbi marefu, mita hiyo ndiyo inayomwambia kama yuko ndani ya sheria au ameivuka.

Suala hili linawahusu wakazi wa miji kama Katy, jimbo la Texas, takribani kilomita 48 magharibi mwa katikati ya Houston. Zamani ulikuwa mji wa mashamba ya mpunga na reli. Leo umezungukwa na mitaa mipya ya nyumba zilizopangwa kwa safu, ambako wamo pia wahamiaji kutoka Afrika. Mitaa mingi ya aina hiyo ina vyama vya wenye nyumba vyenye kanuni kali kuhusu milingoti. Mwanaredio wa hapo hujikuta na uwanja mdogo nyuma ya nyumba, waya usiozidi mita 10 kwenda juu, na mawimbi yenye urefu wa kilomita 2 na zaidi.

Makala haya yanaeleza kwa nini mita ya mkondo ni kifaa cha lazima katika kazi hiyo, mita ya kujitengenezea hufanya kazi vipi, na namna ya kuihakiki kwa vifaa vinavyopatikana katika karakana yoyote, iwe Katy, Kariakoo au Gikomba.

Masafa mawili, mipaka miwili

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu binafsi wenye leseni, bila malipo, kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio. Wengi hutumia mawimbi mafupi, ambayo huvuka mabara kwa nguvu ndogo. Lakini tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limewatengea pia kipande cha mawimbi marefu kati ya kilohezi 135.7 na 137.8, kinachojulikana kama bendi ya mita 2200. Mkutano wa mwaka 2012 uliongeza kipande kati ya kilohezi 472 na 479, yaani bendi ya mita 630.

Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano, FCC, ilipitisha kanuni za bendi hizo mwezi Machi mwaka 2017, na vituo vya kwanza vikaruhusiwa kurusha mwezi Oktoba mwaka huo. Kabla ya kuanza, mwenye leseni hutakiwa kulijulisha Baraza la Teknolojia la Mashirika ya Huduma, UTC, mahali ilipo antena yake. Sababu ni kwamba baadhi ya kampuni za umeme hutumia masafa hayo hayo kupeleka ishara za ulinzi kupitia nyaya zao kubwa. Ikiwa baraza halikupinga ndani ya siku 30, kwa hoja kwamba antena iko ndani ya kilomita 1 kutoka kwenye nyaya hizo, kazi inaweza kuanza.

Sharti zito zaidi ni la nguvu. Katika bendi ya mita 2200 nguvu inayorushwa haipaswi kuzidi wati 1. Katika bendi ya mita 630, kwa sehemu kubwa ya Marekani, mpaka ni wati 5. Wati hizo si zile zinazotoka kwenye mtambo. Ni zile zinazoondoka kwenye antena na kwenda angani, zikihesabiwa kana kwamba antena inarusha sawasawa kila upande.

Tofauti hiyo ndiyo inayoleta haja ya mita. Mtambo unaweza kutoa wati 500, na antena ikarusha chini ya wati 1. Nguvu iliyobaki hupotea kama joto katika koili, katika nyaya na hasa katika udongo. Kipima nguvu cha kawaida kilichowekwa kwenye mtambo hakiwezi kusema ni kiasi gani kimerushwa na kiasi gani kimepasha udongo joto.

Kwa nini ampea ndizo zinazohesabiwa

Antena iliyo fupi sana kuliko wimbi lake ina kile wataalamu wanachokiita ukinzani wa mrusho. Huo si ukinzani wa waya. Ni kiasi kinachoeleza ni nguvu ngapi itarushwa kwa kila kiwango cha mkondo. Ukizidisha ukinzani huo kwa mraba wa mkondo, unapata wati zilizorushwa. Kwa kuwa antena fupi ya wima iliyo juu ya ardhi haipeleki nguvu chini wala juu kabisa, wati hizo huzidishwa mara 3 ili kupata kipimo kinachotajwa na sheria.

Ukinzani wa mrusho hupatikana kwa hesabu nyepesi: kimo fanisi cha antena hugawanywa kwa urefu wa wimbi, jibu huzidishwa kwa lenyewe, kisha huzidishwa kwa 1,579. Kimo fanisi hukaribia kimo halisi pale tu antena inapokuwa na nyaya ndefu za kutosha zilizotandazwa juu. Waya wima mtupu huwa na takribani nusu yake.

Tuchukue antena yenye kimo fanisi cha mita 10. Kwa kilohezi 137, wimbi lina urefu wa takribani mita 2,190, na ukinzani wa mrusho ni omu 0.033 tu. Ili kufikia mpaka wa wati 1, mkondo unaohitajika ni ampea 3.2. Kwa kilohezi 475, wimbi lina mita 631, ukinzani huo ni omu 0.4, na mpaka wa wati 5 hufikiwa kwa ampea 2.05. Mahali ambapo mpaka ni wati 1, ampea 0.92 zinatosha.

Hapo msomaji ataona kwamba mwanaredio anahitaji kujua mambo mawili pekee: kimo cha antena, ambacho hupimwa kwa futi kamba, na mkondo, ambao hupimwa kwa mita. Upotevu wa ardhini haumo katika hesabu. Udongo wa mfinyanzi wa Katy, ule uliokuwa ukishika maji ya mpunga, unaweza kulowa kwa mvua ya siku tatu au kupasuka kwa kiangazi, na mkondo ukabadilika ingawa mtambo haukuguswa. Ndiyo maana mita haifungwi mara moja na kuondolewa. Hukaa hapo na kusomwa kila kituo kinapofanya kazi.

Lakini hesabu hii ina mtego. Nguvu hufuata mraba wa mkondo. Mita inayosoma asilimia 10 pungufu humfanya mwenyewe arushe asilimia 23 zaidi ya anavyodhani. Mita inayosoma asilimia 40 pungufu humfikisha karibu mara 2.8 ya kiwango cha sheria, huku mshale ukimwonyesha kwamba yu salama.

Mita yenyewe

Zamani meli na vituo vya pwani vilitumia ammita za thamokapo. Ndani yake mkondo wa redio ulipasha moto waya mwembamba, na joto hilo likazaa volti ndogo za kusukuma mshale. Ammita hizo bado hupatikana katika masoko ya vifaa vya mtumba, lakini waya wake huungua upesi mkondo unapozidi, na nyingi zimekwisha kuharibika kabla hazijauzwa.

Mita ya kujitengenezea hutumia njia nyingine. Mtu huchukua pete ya feraiti na kuizungushia mizunguko 50 ya waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, kama ule wa kusukia mota. Ncha mbili za waya huo huunganishwa na rezista ya omu 50. Waya wa antena, ukiwa na ganda la kuzuia umeme, hupitishwa mara moja katika tundu la pete. Hiyo ni transfoma: ampea 1 katika antena huzaa ampea 0.02 katika waya mwembamba, na mkondo huo ukipita katika omu 50 huzaa volti 1. Kwa maneno mengine, volti 1 kwa kila ampea. Antena yenyewe haihisi chochote, kwani mita huongeza omu 0.02 tu katika njia yake.

Volti hizo hupitishwa katika diodi ili kuwa mkondo mnyoofu, hulainishwa na kapasita ya mikrofaradi 0.1, kisha hupelekwa kwenye mita ya mshale ya mikroampea 100 kupitia rezista ya kurekebishika ya kilo-omu 100. Kwa mita inayofika ampea 4, rezista ya omu 50 hubeba theluthi moja ya wati. Hivyo ya wati 1 inatosha. Diodi ya aina ya Schottky hufaa zaidi. Diodi ya silikoni ya kawaida hula sehemu kubwa ya volti za mwanzo, na mikondo midogo haionekani kabisa.

Makosa yanayojificha

Kosa la kwanza hutokana na kuiga mchoro wa mita ya mawimbi mafupi. Mita nyingi za aina hiyo zina mizunguko 10 tu. Kwa kilohezi 7,000 hufanya kazi bila taabu. Lakini tukichukua pete ambayo hutoa mikrohenri 0.44 kwa mzunguko mmoja, mizunguko 10 hutoa mikrohenri 44, na kwa kilohezi 137 hizo ni sawa na omu 38 pekee. Mkondo uliopaswa kupita katika rezista ya omu 50 hupata njia ya mkato katika koili yenyewe. Mita husoma asilimia 60 ya ukweli. Pete hiyo hiyo ikizungushiwa mizunguko 50, mikrohenri hupanda hadi 1,100, njia ya mkato huwa ya omu 950 hivi, na kosa hushuka chini ya asilimia 0.2.

Kosa la pili ni umbo la wimbi. Mitambo mingi ya mawimbi marefu ya kujitengenezea hutumia transista zinazofunguka na kufunga kama swichi, na kinachotoka ni wimbi la mraba hadi lipite katika kichujio. Diodi husoma kilele cha wimbi, ilhali sheria hujali joto ambalo mkondo huo ungelizaa. Mita iliyohakikiwa kwa wimbi laini ikipewa wimbi la mraba husoma asilimia 29 pungufu. Kichujio lazima kiwe mahali pake kabla ya kuhakiki na kabla ya kurusha.

Kosa la tatu ni kuiamini maltimita ya dukani. Upande wake wa mkondo geu umetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani, wa hezi 50 au 60. Nyingi huanza kupotoka zikipita hezi elfu chache, na kwa kilohezi 137 namba zake hazina maana. Upande wa mkondo mnyoofu na upande wa omu, kwa upande mwingine, huaminika. Na huko ndiko uhakiki unakopata msingi wake.

Njia ya kwanza: rezista na osiloskopu

Njia iliyo rahisi ni kupeleka nguvu ya mtambo katika mzigo bandia badala ya antena. Mzigo huo ni rezista ya omu 50 isiyo ya waya wa kusokotwa, kwa kuwa rezista ya kusokotwa ni koili pia: mikrohenri 10 tu huongeza omu 8.6 kwa kilohezi 137. Pima ukinzani wake kwa maltimita ikiwa baridi, kisha upime tena mara tu baada ya kuitumia, ikiwa ingali moto. Kama namba zimetofautiana sana, rezista hiyo ni ndogo mno kwa kazi.

Waya unaokwenda kwenye mzigo hupitishwa katika pete, na osiloskopu hupima volti katika rezista. Volti kutoka kilele cha juu hadi cha chini hugawanywa kwa 2.83, kisha kwa ukinzani, na jibu ni ampea. Kwa wati 10 na omu 50, osiloskopu itaonyesha volti 63 kati ya vilele, na mkondo ni ampea 0.447.

Swali linalofuata huwa hili: mtu atapata wapi ampea 4 za kuhakiki juu ya mita, ikiwa wati 10 hutoa nusu ampea? Jibu liko katika pete yenyewe. Pete huhesabu ampea mara idadi ya mapito. Waya ukipitishwa mara 2 katika tundu, mita huona ampea 0.894. Ukipitishwa mara 5, huona ampea 2.24. Ukipitishwa mara 9, huona ampea 4.02. Kinachohesabiwa ni mara ambazo waya unaonekana ndani ya tundu, si vitanzi vinavyoonekana nje.

Hivyo mtu huanza na pito 1, husoma mshale, huandika; huongeza pito la pili, huhakikisha kwamba volti za osiloskopu hazikubadilika, husoma, huandika; na kuendelea hadi 9. Rezista ya kurekebishika huwekwa mara moja tu, mwanzoni, ili ampea 4 zifikishe mshale mwisho. Baada ya hapo haiguswi. Vituo vya chini ya ampea 0.4 hupatikana kwa kupunguza nguvu ya mtambo.

Mtu akiona kwamba kutoka ampea 2 hadi 4 mshale unapanda kwa mwendo sawa, lakini chini ya ampea 0.5 unasita, asishangae. Hiyo ni diodi. Dawa yake ni kuchora upya uso wa mita kwa kufuata namba zilizopatikana, bila kulazimisha mistari iachane sawasawa.

Njia ya pili: balbu ya gari

Asiye na osiloskopu ana njia nyingine, na huenda ndiyo iliyo ya haki zaidi, kwa sababu hupima joto moja kwa moja kama zile ammita za zamani. Inahitaji balbu ndogo ya gari ya volti 12 na wati 5, ile ya taa ya kuegesha, ambayo ikiwaka kikamilifu hupitisha takribani ampea 0.42.

Balbu huwekwa katika kisanduku chenye giza pamoja na kipande cha sola kilichotolewa katika kikokotoo kibovu. Kipande hicho huunganishwa na maltimita. Balbu huungwa kwa mfululizo kati ya waya unaotoka kwenye pete na mzigo bandia, ili mkondo ule ule upite kote. Mtambo huwashwa, mtu husubiri dakika 2 au 3 hadi namba ya sola itulie, kisha huandika namba hiyo na mahali mshale wa mita uliposimama.

Halafu mtambo huzimwa, na balbu ile ile, bila kuondolewa katika kisanduku, huunganishwa na betri kupitia rezista ya kurekebishika yenye uwezo wa kubeba nusu ampea. Mkondo huongezwa taratibu hadi kipande cha sola kionyeshe namba ile ile. Sasa maltimita iliyowekwa upande wa mkondo mnyoofu hupima ampea za betri. Kwa kuwa mwanga ni sawa, joto ni sawa. Na kwa kuwa joto ni sawa, mkondo wa redio ulikuwa sawa na huu wa betri. Tatizo la masafa limeondoka, na tatizo la umbo la wimbi limeondoka pamoja nalo.

Balbu hii hufanya kazi vizuri kati ya ampea 0.25 na 0.4. Mapito 10 katika pete huifanya mita ione ampea 2.5 hadi 4, na mapito machache huleta vituo vya chini. Kila kituo kirudiwe mara 3. Kama majibu matatu yanaachana kwa zaidi ya asilimia 3, kuna kiungo kilicholegea au mtu hakuwa na subira.

Aliye na uwezo wa kufanya njia zote mbili afanye zote. Njia mbili zisizotegemeana zikikubaliana, hakuna cheti kitakachozidi hapo kwa fundi wa nyumbani.

Joto, daftari na nafasi ya kosa

Diodi hubadilika kwa joto, takribani milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Katika gereji za Houston na vitongoji vyake, joto la mchana wa Agosti hufika nyuzi 38 kwa urahisi, na usiku wa Januari hushuka sana. Mita iliyohakikiwa kwa nyuzi 20 na kusomwa kwa nyuzi 38 hupata tofauti ya milivolti 36 hivi. Kwa ampea 3 hiyo ni chini ya asilimia 1. Kwa ampea 0.25 ni asilimia 10. Hii ni sababu ya kutengeneza mita ambayo mkondo wa kazi huangukia katika nusu ya juu ya uso wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mita liwe na tarehe, joto la chumba, masafa yaliyotumika, ukinzani wa mzigo, idadi ya mapito, na alichosoma mtu kwa kila kituo. Uhakiki urudiwe kwa masafa yote mawili, kilohezi 137 na 475, na kila mara diodi au rezista inapobadilishwa au radi inapopiga jirani.

Daftari hilo pia humsaidia mtu kujua kosa lililobaki. Osiloskopu ya kawaida hutambuliwa kuwa na kosa la asilimia 3, na rezista nzuri asilimia 1. Yakiunganishwa, mkondo una shaka ya asilimia 3 na ushei, na nguvu ina shaka mara mbili ya hiyo, yaani zaidi ya asilimia 6. Mwenye busara hatalenga wati 1 kamili. Atalenga wati 0.9, na shaka yote ibaki upande wa ndani wa mpaka.

Mahali pa kuiweka

Mita nzuri ikiwekwa mahali pabaya hudanganya, na mwenyewe anaweza kupoteza maisha. Antena ya mfano wetu, ikiwa na kapasita ya pikofaradi 300, hubeba zaidi ya volti 12,000 pale koili ya kurefusha inapokutana na waya wa antena, wakati ampea 3.2 zinapopita. Mahali hapo hapaguswi, hapasogelewi, na pete ya feraiti haiwekwi hapo. Mahali pake ni upande wa chini wa koili, ambako mkondo ni ule ule kwa kiasi kikubwa lakini volti ni ndogo.

Hata hapo, volti zinaweza kuruka kutoka kwenye waya na kuingia kwenye mizunguko ya pete bila kupitia usumaku, na mita ikasoma mkondo usiokuwapo. Kuna majaribio mawili ya kugundua hali hiyo. La kwanza ni kuzima mtambo, kuitoa pete, kuigeuza ili waya uingie kwa upande wa pili, na kuwasha tena. Masomo mawili yakitofautiana, volti zinaingia. La pili ni kupitisha waya katika tundu na kuurudisha tena kwa tundu lile lile kutoka upande wa pili, ili mkondo uende na urudi. Mita inayofanya kazi sawasawa lazima isome sifuri. Dawa ni kuifunika mizunguko kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi, ikiachwa mwanya mdogo ili karatasi hiyo isiwe yenyewe mzunguko uliofungwa.

Afrika Mashariki na mpaka wa kilomita 800

Mawimbi marefu si mageni katika eneo letu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Wajerumani ulikuwa na vituo vya redio ya simu Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Na meli ya kivita ya Uingereza, HMS Astraea, ilikishambulia kile cha Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa. Baadaye, kwa miongo mingi, vituo vya pwani na meli za Bahari ya Hindi vilisikiliza wito wa hatari katika kilohezi 500, karibu kabisa na bendi ya leo ya mita 630, hadi mfumo mpya wa usalama wa baharini uliposhika nafasi kikamilifu mwezi Februari mwaka 1999.

Kwa anayefikiria kufanya kazi hii nyumbani, au kuirudisha nyumbani kutoka Marekani, mpaka wa nguvu ni mkali zaidi. Kanuni za ITU huruhusu wati 5 katika bendi ya mita 630 kwa maeneo yaliyo zaidi ya kilomita 800 kutoka mipaka ya nchi kadhaa zilizotajwa kwa majina, na miongoni mwa nchi hizo zimo Somalia, Komoro na Oman. Katy iko mbali nazo zote. Lakini karibu Kenya nzima imo ndani ya umbali huo kutoka Somalia, na Dar es Salaam na Zanzibar zimo ndani ya umbali huo kutoka Komoro. Kwa wakazi wa huko, mpaka ni wati 1 katika bendi zote mbili, na mita inayosoma pungufu ni hatari zaidi. Leseni ya Marekani pekee haitoshi pia. Ruhusa hutolewa na mamlaka ya nchi husika, kama vile Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au TCRA ya Tanzania.

Namba ambayo hakuna anayeiona

Mwaka 2008 mwanafizikia wa Marekani Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993, alitoa programu iitwayo WSPR, ambayo sasa hutumika sana katika bendi hizi. Ujumbe wake mfupi hubeba mambo matatu: jina la kituo, eneo lilipo, na nguvu inayotumika. Vituo vingine duniani huupokea na kuhifadhi taarifa zake, na watu huzitumia kuchunguza jinsi mawimbi yanavyosafiri usiku, jua linapochafuka au majira yanapobadilika.

Jina la kituo linaweza kuthibitishwa katika orodha ya leseni. Eneo linaweza kuangaliwa katika ramani. Nguvu hutegemea neno la mwenyewe. Anayeandika wati 1 huku akirusha 2.8 hupeleka namba isiyo ya kweli kwa kila anayeichunguza baadaye, na hakuna mkaguzi atakayepita gerejini kumsahihisha. Kazi hiyo ni yake mwenyewe, nayo huchukua jioni moja, pete moja ya feraiti, balbu ya gari na ukurasa mmoja wa daftari.